Kipeuo cha Hasi Moja

Wiki ya kwanza Mwalimu Pallangyo aliandika ubaoni
kipeuo cha pili cha hasi moja
akakiita j.
Watu wa hisabati wanakiita i, alisema,
ila sisi i tulishaigawa kwa mkondo.
Nyuma yangu Lomayani akanong'ona:
kumbe hata herufi zinagombea viwanja, kama Njiro.

Namba hii haipo, mwalimu akaongeza,
akijipangusa chaki kwenye suruali,
lakini bila yake taa iliyo juu yenu hamwezi kuieleza.
Tukatazama juu.
Ilikuwa inapepesa. Ilitaka stata mpya.

Tengeru habari zilinitangulia:
Aikaeli anasomea umeme.
Likizo ya kwanza nikakuta sebuleni
redio mbili, birika la mwinjilisti,
draya ya saluni ya dada Nashivai,
na simu iliyotumbukia kwenye sufuria la mtori.
Juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kufuma,
pasi ya mama.
"Hiyo nimekutunzia. Fundi wa sokoni nimemkatalia."
Mihula miwili
kitenge chake cha kwaya kilikuwa kinanyooshwa chini ya godoro.

Nilijua, siku ile,
fezi tatu zinavyoachana nyuzi mia na ishirini
kama ndugu waliogawana kihamba bila baraza,
na ndani ya koili mkondo unavyochelewa nyuma ya volteji
kama mimi nyuma ya ada.
Sikujua skrubu ya pasi hufichwa wapi.

Niliipapasa mpaka giza likaingia.
Mama alimenya ndizi akijifanya haangalii.

Asubuhi nikaitia kwenye begi, katikati ya vitabu,
nikasema naenda kusoma kwa rafiki.
Fundi Nnko, darasa la saba, kibanda nyuma ya wauza mitumba,
akaigeuza mara moja tu,
akabandua kifuniko cha plastiki kisiginoni.
"Hapa. Zote huficha kitovu."
Nikagusisha ncha za multimita yangu mpya.
Kioo kikaandika moja, peke yake, pembeni kushoto,
maana yake ukinzani hauna mwisho,
maana yake njia imekatika.
"Fyuzi ya joto," alisema kabla sijasoma.
Elfu mbili na mia tano. Nilitoa nauli ya kurudia chuo.

Akakataa.
"Nilipe kwa kunijibu. Miaka kumi na tisa najiuliza:
kule juu nguzoni zinapita waya tatu.
Njia ya kurudi iko wapi?"

Nikachana boksi la sabuni.
Nikachora mishale mitatu kutoka nukta moja,
nikaihamisha, mkia kwa kichwa, mkia kwa kichwa,
mpaka wa tatu ukarudi pale wa kwanza ulipoanzia.
Jumla yake sifuri, nikamwambia.
Kila mmoja ni njia ya kurudi ya wenzake.
Solda ilikuwa inafuka moshi pembeni, hakuigusa.
"Kwa hiyo hazidaiani."
Zikibeba mzigo sawa.
"Zikibeba mzigo sawa," alirudia,
na mteja wa subwufa akangoja.

Jioni mama alichomeka, akalowesha kidole, akagusa.
Tss.
Balbu ya sebuleni ikanywea kidogo, ikajikaza.
Nilifungua mdomo nimtaje Nnko.
Tayari alikuwa mlangoni anamwita jirani.

Aliporudi alichungulia luku:
uniti tatu nukta nane.
"Basi nyoosha kabisa na ile blauzi yako ya mahafali," alisema,
"kabla hazijaisha."

Mahafali ni mwaka wa keshokutwa, mama.
Na nina sapu ya Saketi Moja.

Nikaitandaza blauzi mezani.